Ukimya wa nyumbani haumtibu aliyerudi vitani

Mtu akirudi kutoka vitani akiwa si yule aliyeondoka, ushauri wa kwanza wanaopewa jamaa zake, iwe ni Garsen, Tarasaa au Hola, ni huu: msimkumbushe. Watoto huonywa wasipige kelele, redio huzimwa habari za Somalia zikianza, na jirani mwenye maswali mengi hubadilishiwa mazungumzo. Ushauri huu hutolewa na watu wenye mapenzi, tena wanaoheshimika, ndiyo maana ni vigumu kuupinga. Hata hivyo, ushahidi wa zaidi ya miaka 20, mwingi wake uliokusanywa katika kambi na vijiji vya eneo letu la Afrika Mashariki, unaelekeza kwingine. Kiwewe cha vita hupungua mtu anapoyarudia yaliyompata kwa mpango, mbele ya mtu aliyefunzwa kazi hiyo, huku jamaa zake wakijua namna ya kusimama naye. Naamini Kaunti ya Tana River ina sababu kuliko kaunti nyingi za kuifanya tiba hii huduma ya kawaida katika hospitali na vituo vyake vya afya, na kwamba kazi hiyo isipoanzia kwa familia itakwama njiani.

Tana River imebeba vita vya vizazi kadhaa. Ilikuwa katika kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, ambapo mahabusu 11 wa Mau Mau walipigwa na walinzi wao hadi wakafa, na serikali ya kikoloni ikadai kwanza kwamba maji waliyokunywa ndiyo yaliyowaua. Mwaka 2006 Lukoye Atwoli, D. M. Kathuku na David Ndetei walichapisha katika jarida la tiba la East African Medical Journal matokeo ya kuwapima watu 181 walionusurika kambi za kizuizini za Mau Mau. Karibu theluthi mbili yao walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, zaidi ya miaka 40 baada ya kambi hizo kufungwa. Wazee hao walikuwa wamelima, wameoa na kuolewa, wamesomesha watoto na kuzika wenzao. Kila anayesema kwamba muda utamponya mtu wake anapaswa kuuangalia utafiti huo, kwa sababu waliopimwa humo walikuwa wamepewa muda wa kutosha kabisa.

Baada ya Hola yamekuja mengine. Mapigano ya wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma yalizuka mwaka 2001, yakazuka tena kwa ukali zaidi mwaka 2012. Tarehe 22 Agosti mwaka huo kijiji cha Riketa kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Ilipofika Septemba damu ilimwagika Chamwanamuma na Kilelengwani, na huko Kilelengwani maafisa tisa wa polisi waliopelekwa kulinda raia walikuwa miongoni mwa waliouawa. Desemba ikawa zamu ya Kipao. Kufikia mapema 2013 waliokufa walikuwa wamepita 100. Mwaka uliofuata, Julai 2014, kituo cha polisi cha Gamba kikashambuliwa na watu wenye silaha. Wakati huo wote, tangu Oktoba 2011, wanajeshi wa Kenya (KDF) walikuwa wakipigana Somalia, na waliokuwa katika kambi yao ya El Adde huko ilipovamiwa asubuhi ya 15 Januari 2016 waliyaona mambo ambayo mpaka leo taifa halijaelezwa kwa ukamilifu. Kwa hiyo ninapomtaja aliyerudi vitani simaanishi mwanajeshi mstaafu peke yake. Namhesabu pia polisi aliyehamishwa kutoka Kilelengwani hadi kituo kingine bila kuulizwa analalaje, polisi wa akiba aliyelinda kijiji chake kwa bunduki ya serikali, na mwanamume au mwanamke wa Riketa ambaye vita vilimfuata mlangoni. Akili ya binadamu haiulizi kama aliyeumia alikuwa amevaa sare.

Ugonjwa wenyewe una namna yake ya kufanya kazi, na bila kuielewa, tiba hii itaonekana kuwa ni ukatili. Mtu aliyenusurika kifo hubaki na kumbukumbu isiyokaa mahali pake. Yaliyotokea mwaka 2012 humrudia kana kwamba yanatokea sasa hivi, na vichochezi vyake ni vitu vya kila siku: pikipiki inayolipuka kama risasi, basi kusimamishwa kwenye kizuizi cha njia ya Lamu, moshi wa shamba linalochomwa kabla ya kupanda, kelele za alfajiri. Moyo hupiga mbio, jasho humtoka, na jambo la kwanza analolifikiria ni kuondoka. Akiondoka anapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomnasa, kwani humfundisha kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kesho yake ataanza kukimbia mapema zaidi. Haendi tena sokoni Garsen siku ya soko, kisha haendi msikitini au kanisani kukiwa na watu wengi, kisha hatoki nje jioni. Kila anachokiacha kinamwongezea hofu ya kinachobaki. Lau angebaki mahali penye usalama hata hofu ikafika kilele chake na kushuka yenyewe, mwili wake ungejifunza jambo jingine. Lakini hapati nafasi hiyo, na familia yenye huruma, bila kujua, humsaidia asiipate. Mke humjibia wageni, mdogo wake huenda shambani kwa niaba yake, na mtoto hutumwa dukani hata kwa kitu cha hatua mbili.

Hapo ndipo inapoingia tiba ya kuikabili hofu. Edna Foa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliijenga namna moja ya tiba hii, ambayo mgonjwa hukutana na mtaalamu mara moja kwa wiki kwa muda wa vikao kati ya 8 na 15, kila kikao kikichukua hadi dakika 90. Huisimulia siku ile kwa sauti, akifumba macho, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha hurudia. Sauti yake hurekodiwa, naye huisikiliza nyumbani kila siku. Pamoja na hayo hutengeneza orodha ya mambo anayoyaepuka, kuanzia jepesi hadi zito, na kuyafanya moja baada ya jingine. Kwa mtu wa delta ya Tana orodha hiyo inaweza kuanza kwa kukaa barazani jioni kwa nusu saa, ikaendelea kwa kwenda mtoni mchana pamoja na ndugu yake, baadaye kupita kwenye malka, ile njia ya mifugo kuelekea majini, saa ambayo wafugaji wanaleta ng'ombe, na mwishowe kwenda sokoni peke yake na kubaki huko mpaka moyo utulie.

Namna ya pili, ambayo mimi naiona inatufaa zaidi, ni tiba ya kusimulia maisha yote. Iliasisiwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, wakiwalenga watu waliopitia vita na mateso, ambao hawana tukio moja la kusimulia bali wana mengi yaliyopandana. Kikao cha mwanzo hutumia kamba, mawe na maua tu. Kamba hutandazwa sakafuni, ncha moja ikiwa ndiyo kuzaliwa na ile nyingine ikiwa imekunjwa kwa miaka ambayo bado haijafika. Mgonjwa huweka ua mahali pa kila jema alilolipata, jiwe mahali pa kila baya, na mawe hutofautiana ukubwa. Katika vikao vinavyofuata husimulia maisha yake kwa mpangilio wa miaka. Akifika kwenye jiwe, msimulizi na mshauri hupunguza mwendo. Ulisimama wapi? Ulisikia nini kwanza? Mkono wako ulikuwa wapi? Sasa hivi, ukinieleza, mwili wako unahisi nini? Mshauri huandika yote, na kikao hakifungwi mpaka hofu ya siku hiyo imeteremka. Kikao kijacho huanza kwa kusomewa yaliyoandikwa, yakirekebishwa na kuongezwa, na mwishoni mhusika hukabidhiwa masimulizi ya maisha yake yote kwa maandishi. Hapo Riketa au El Adde hupata tarehe, mahali, mwanzo na mwisho. Inakuwa jambo lililopita.

Kwamba tiba hii inafanya kazi katika mazingira kama yetu si dhana. Mwaka 2004 Neuner na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbizi 43 wa Sudan waliokuwa katika makazi ya Imvepi kaskazini mwa Uganda. Mwaka mmoja baada ya matibabu, asilimia 29 ya waliopitia tiba ya kusimulia ndio waliokuwa bado na ugonjwa, ilhali kwa waliopewa ushauri wa kawaida wa kuliwazwa walikuwa asilimia 79. Mwaka 2008 ulitolewa utafiti mkubwa zaidi kutoka kambi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Safari hii washauri walikuwa wakimbizi wenyewe, si madaktari, waliopewa mafunzo ya wiki sita. Asilimia 70 ya waliosimulia walipona, dhidi ya 37 ya wale waliofuatiliwa tu bila tiba. Ni haki kueleza kwamba ushauri wa kiwewe wa aina nyingine, uliolinganishwa nayo huko Nakivale, nao uliponya asilimia 65, hivyo tofauti ya uponyaji kati ya tiba hizo mbili ilikuwa ndogo. Tofauti kubwa ilionekana kwa walioacha katikati: asilimia 4 kwa tiba ya kusimulia na 21 kwa ile nyingine. Kisha mwaka 2011 utafiti wa vijana 85 wa kaskazini mwa Uganda waliowahi kutekwa na kupiganishwa vitani, wakitibiwa kwa vikao 8 na wenyeji waliofunzwa, ulionyesha tena kwamba tiba hii iliwapunguzia dalili kuliko njia ilizolinganishwa nazo.

Takwimu za walioacha ndizo zinazonirudisha kwa familia. Kinyume na Nakivale, katika utafiti ulioongozwa na Paula Schnurr kwa maveterani 916 wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2022, waliomaliza walipata nafuu lakini zaidi ya nusu ya waliopangiwa tiba ya Foa, asilimia 55.8, hawakuifikisha mwisho. Hawa ni watu wenye hospitali zao maalumu, madaktari waliobobea na barabara za lami. Kwa nini wanaacha? Sababu ni nyingi, lakini moja imechunguzwa vizuri. Mwaka 2019 Laura Meis na wenzake, waliowauliza maveterani na jamaa zao, walikuta kwamba wale ambao wapendwa wao waliwahimiza kuyakabili mambo yanayowatia hofu walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kubaki katika tiba hiyo kuliko wale wasiohimizwa. Kupendwa tu hakukutosha, sharti wapendwa wao wawaelekeze upande huo. Mke anayesema “usiende leo kama unajisikia vibaya” anasema kwa upendo, na kwa tiba hii ni sentensi inayoweza kumpotezea mumewe mwaka mzima, kwa sababu siku anayojisikia vibaya ndiyo siku yenye faida.

Kwetu nako kuna ushahidi wa namna hiyo, ingawa ni wa watoto. Watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wa Bungoma hapa Kenya na wa Moshi nchini Tanzania, walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliopewa tiba walihudhuria vikao 12 vya makundi, wakiirudia hatua kwa hatua kumbukumbu ya kifo kile, huku walezi wao wakifunzwa sambamba nao. Walioendesha vikao walikuwa raia wa kawaida waliofunzwa, wasio wataalamu wa afya ya akili. Katika maeneo matatu kati ya manne, vijijini na mjini Bungoma na mjini Moshi, watoto hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Vijijini Moshi tofauti haikuonekana. Tunachojifunza hapo ni kwamba mlezi wa Kenya, asiye na shahada yoyote, anaweza kufundishwa kumwongoza aliyeumia kuelekea kwenye kumbukumbu yake badala ya kumwondoa. Sioni sababu ya mke, kaka au mama wa polisi wa Garsen kushindwa na jambo hilo.

Upinzani upo, na sehemu yake ni ya haki kabisa. Wa kwanza ni kwamba kusimulia ni kufukua kidonda, na wahenga walituusia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini kwa mwenye ugonjwa huu tatizo ni kwamba yaliyopita hayajapita. Yako naye kitandani kila usiku. Ni kweli pia kwamba wiki za kwanza za tiba humtikisa mtu. Jinamizi linaweza kuongezeka, hasira ikapanda, na familia isiyoambiwa itadhani ameharibiwa. Ndiyo maana jamaa wanapaswa kuelezwa mapema kabla ya kikao cha kwanza. Isitoshe, wapo wanaofufua kumbukumbu kwa njia mbaya kweli: semina ya siku moja hotelini, kipaza sauti kinazungushwa, watu wanalia, posho zinatolewa, magari yanaondoka. Shirika la Afya Duniani limekwisha kushauri dhidi ya kikao kimoja cha kuwataka watu waeleze maumivu yao mara tu baada ya janga, kwani hakileti kinga ya ugonjwa. Anayeiogopa semina ya aina hiyo ana haki, ila asiichanganye na tiba yenye vikao kadhaa, mshauri yule yule, na hofu inayosubiriwa hadi ishuke.

Wengine husema dini na wazee wanatosha. Naiheshimu hoja hii. Baada ya umwagaji damu, vikao vya wazee wa Gasa wa Wapokomo na Matadeda wa Waorma vina uwezo ambao hakuna mshauri nasaha aliye nao: kukubaliana juu ya malisho, mashamba na njia za maji, na kuwafanya vijana waweke silaha chini. Dua na ibada humpa mtu nguvu ya kuamka. Hata hivyo, mapatano ya jamii mbili hayamwondolei mtu mmoja mlio anaousikia saa tisa usiku, kama vile mshauri nasaha asivyoweza kugawa malisho. Imamu na mchungaji wanahitajika hasa mahali ambapo familia inasema jamaa yao amepagawa au amelogwa, kwa sababu neno lao ndilo litakaloamua kama atapelekwa hospitali ya Ngao au kwa mganga. Waalikwe kwenye mafunzo tangu siku ya kwanza.

Upinzani mzito zaidi kwangu ni ule unaosema kwamba vita havijaisha. Utamfundishaje mtu asiogope barabara ya Garsen kwenda Lamu, njia ambayo mabasi yake yameshambuliwa hata yakasindikizwa na polisi? Jibu ni kwamba hatumfundishi hivyo. Tiba humpeleka mgonjwa kwenye kumbukumbu na kwenye mambo yaliyo salama ambayo hofu yake imeyafungia, haimpeleki kwenye hatari ya kweli. Kumtaka polisi avae sare apite msitu wa Boni ili apone ni upuuzi. Kumsindikiza akanunue samaki sokoni mchana ni tiba. Waliotibiwa Imvepi na Nakivale walikuwa bado wakimbizi, kesho yao haijulikani, na bado walipata nafuu. Tena anayetetemeka kwa kila mlio ndiye anayeshindwa zaidi kutambua hatari halisi, maana kwake milio yote ni sawa.

Katika Tana River pia kuna hofu ya kisasi, na isipozungumzwa waziwazi itaua mradi wowote. Masimulizi ya kina ya nani alimkata nani, yakitoka nje ya chumba, yanaweza kuwasha moto kijijini, au yakampeleka msimulizi mahakamani. Kwa hiyo familia haihitaji kusikia hadithi, na isishawishiwe kuidai. Inachohitaji kujua ni ratiba, kazi za nyumbani za wiki, na dalili zinazoonyesha kwamba mambo yanakwenda au yamekwama. Maandishi ya mwisho ni mali ya mgonjwa, na kama hana mahali salama pa kuyaweka, yabaki chini ya kufuli hospitalini. Mshauri wa Mwaorma si lazima awe Mwaorma, wala wa Mpokomo awe Mpokomo. Mgonjwa aulizwe anamtaka nani, na wakati mwingine atachagua mgeni kabisa kutoka Malindi.

Limebaki swali la wanawake. Tukisema familia, mara nyingi tunamaanisha mke, mama au dada, na ni halali kuuliza kama hatuwatwishi mzigo mwingine juu ya ndoo za maji na karo za shule. Ukweli ni kwamba mzigo wameshaubeba, tena bila maelekezo. Wao ndio wanaolala nusu macho, wanaoficha panga, wanaowaeleza watoto kwa nini baba amevunja sahani, wanaohesabu shilingi zilizokwenda kwa mnazi na muguka. Kikao cha familia kinapaswa kuwapa nafasi ya kutibiwa wenyewe, kwa sababu wengi wa wanawake wa Riketa na Kipao nao waliona. Na mpaka uwekwe wazi: kumhimiza mume akabili hofu si kumvumilia anayepiga. Nyumba yenye kipigo huanza kwa usalama wa mke na watoto, na tiba ya mume hufuata akiwa mahali pengine. Bunduki ya polisi wa akiba irudishwe kituoni kwa kipindi chote cha matibabu, bila kumfuta kazi, maana akijua kuomba msaada kutamgharimu kazi hatauomba. Vilevile familia zijue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Anayekimbizwa hospitalini baada ya jaribio kama hilo aende kama mgonjwa.

Watendaji wako wapi? Tangu Septemba 2023 Kenya ina zaidi ya wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii wanaolipwa, kila mmoja akiwa na takriban nyumba 100 anazozitembelea. Huko Bungoma watu wa kada kama hii wameshafunzwa tiba ya kiwewe. Tana River haihitaji kumfunza kila mmoja. Yafaa kuchagua wachache wenye subira na siri kutoka Garsen, Tarasaa, Ngao, Kipini na Hola, kuwafunza kwa wiki sita kama walivyofunzwa wale wa Nakivale, na kuwawekea msimamizi mmoja mtaalamu anayekutana nao kila wiki, kwa sababu anayesikiliza mauaji kutwa naye huumia. Kazi ya wahamasishaji waliobaki itakuwa kumtambua mgonjwa na kuieleza familia, jambo wanaloweza kulijifunza kwa siku chache.

Kinachokosekana ni mwenye kuubeba wajibu. Katiba imewapa magavana afya na kuiachia serikali kuu ulinzi na polisi, hivyo kiwewe cha mwanajeshi ni cha Nairobi huku mwanajeshi mwenyewe akiishi Minjila. Hospitali kuu ya KDF iko Nairobi, na Mombasa kwenyewe ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Garsen. Hakuna mtu anayeepuka mabasi atakayesafiri umbali huo kila wiki kwa wiki 12. Jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya taifa. Bunge likarekebisha Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2022 na kuzipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuwahudumia maveterani wa kijeshi. Wizara ya Ulinzi na Huduma ya Taifa ya Polisi zitie saini na serikali ya kaunti mkataba mmoja: askari na mstaafu yeyote anayeishi Tana River atibiwe Hola, Ngao au Garsen, mwajiri wake wa sasa au wa zamani alipe gharama, na faili la vikao lisifike kwa mkuu wake wa kazi. Jamaa mmoja atakayetajwa na mgonjwa mwenyewe alipiwe nauli ya kuhudhuria angalau vikao viwili, cha kwanza na kile cha kabla ya kuanza mazoezi ya nje. Nauli ya watu wawili kutoka Kipao hadi Ngao ni fedha ndogo katika bajeti ya usalama ya eneo hili, na bunge la kaunti linaweza kuitaja kwa jina katika makadirio yajayo.